Kumbe Haoni

"Mjomba, umejuaje ni ya Mtwapa na haijafika?"

Tulikuwa steji ya Bombolulu, mimi na mpwa wangu wa miaka saba, tukingoja matatu. Nikadhani ananitania. Si yale maandishi pale mbele? Akakodoa macho, akanyamaza. Baadaye akaniambia yeye alidhani kila mtu huyasoma gari likishasimama.

Wiki mbili nyuma nilikuwa nimemwita mvivu. Mimi, niliyeacha chuo mwaka wa pili na kuchoka kuitwa jina hilohilo, nilimkalisha na daftari lake: mbona hukunakili ya ubaoni? Mwalimu alishasema mtoto hana makini, na mamake akakubali. Watu wazima watatu, wote tunaona vizuri.

Nilijitetea: si angesema? Lakini angesema nini? Mimi nikianza kuona ukungu nitalalamika, kwa sababu nakumbuka jana nilionaje. Yeye hana hiyo jana. Ukungu ndio dunia aliyoikuta. Na kuna kungoja kunakoharibu: jicho moja likiwa dhaifu, ubongo wa mtoto huzoea kulipuuza, na tiba hufaa zaidi akiwa bado mdogo, hasa kabla ya miaka saba hivi.

Mtaa wetu unajulikana kwa karakana za Bombolulu, ambako watu wenye ulemavu wamekuwa wakitengeneza vito na vinyago tangu 1969. Tumekua tukijua kumpisha mwenye kiti cha magurudumu. Asiyeona ubao tunamchapa.

Kwa hivyo ni lazima mkubwa ndiye aanze kuuliza, na kuuliza kwenyewe si kazi. Kule Trans Nzoia walimu walipima wanafunzi kwa simu tu. Inatokea E imegeuzwa, mtoto anaonyesha kwa mkono miguu yake imeelekea wapi. Hata asiyejua kusoma anapimwa. Utafiti wake ulitoka 2018: shule 50, watoto zaidi ya 20,000. Waliokutwa na tatizo walielekezwa hospitali. Pale wazazi walipopata picha inayoonyesha mtoto wao anavyoona, na kukumbushwa kwa simu, asilimia 54 walikwenda. Walipopewa barua tu, 22.

Rafiki yangu ameishika hiyo nusu nyingine, ambayo haikufika. Ati ni ukatili kumwambia mama mtoto wako haoni, ilhali nauli hana, sembuse miwani. Bora asijue, alale.

Namwelewa, ila ataje nani analipia huo usingizi. Mama asipojua hana kosa, sawa, lakini fimbo bado inatua kwa mtoto. Ninapokubaliana naye ni kwa anayepima, akaandika barua, akaondoka. Huyo ameutua mzigo kichwani mwa mama na kujiita amesaidia. Ukishampima mtoto wa mtu, usimwache njiani.

Sisi tulichanga, dada na mimi na jirani mmoja ambaye hatukumwomba. Miwani ilipopatikana, cha kwanza alichoniambia ni, "Mjomba, kumbe una chunusi."

Sijamwomba msamaha. Juzi nilitaka, tukiwa steji palepale, nikakohoa nijiandae. Akaniwahi: "Mtwapa, mjomba! Ile kule!" Na kweli, ilikuwa bado mbali.