BARNABA WA ITEN

Masomo: Matendo ya Mitume 11:19–26 na 15:36–41



Kasisi wetu ameniomba niandike neno kwa ajili ya toleo hili, nami nilipomwuliza niandike juu ya nini, akanijibu, "Mwalimu, andika juu ya ualimu." Basi nawaomba mfungue Biblia zenu, mzisome kwanza sura hizo mbili, kisha mrudi kwangu. Sitazinakili hapa, kwa maana kila nyumba ya Mkristo ina Biblia, au inapasa iwe nayo.

Jina alilopewa na wazazi wake lilikuwa Yusufu, Mlawi wa kisiwa cha Kipro. Mitume ndio waliomwita Barnaba, yaani mtu wa kuwafariji na kuwatia moyo wengine. Sisi sote tunamjua Paulo, tunazisoma nyaraka zake karibu kila Jumapili. Lakini Barnaba tunampita kama mtu anavyopita mlango wa jirani asiye na deni naye. Sauli alipokuja Yerusalemu baada ya kuokoka, wanafunzi walimkimbia, nao walikuwa na sababu. Barnaba akamshika mkono akampeleka kwa mitume. Halafu Sauli akarudi kwao Tarso, na miaka ikapita. Kazi ya Antiokia ilipokuwa kubwa, Barnaba akafunga safari akaenda Tarso kumtafuta. Hatusomi kwamba alimtuma kijana na barua. Alikwenda mwenyewe.

Sasa angalieni jambo moja dogo. Sura ya 13 inapoanza, Roho Mtakatifu anawataka Barnaba na Sauli. Kabla sura hiyo haijaisha, imekuwa Paulo na Barnaba. Majina yamegeuka. Yule aliyemtafuta mwenzake sasa yuko nyuma yake, wala hatusomi popote kwamba alinung'unika.

Nimefundisha miaka mingi, na nakiri kwenu kwamba kugeuka huko kwa majina ndiko kunakomshinda mwalimu. Kwa hiyo nataka kuwasimulia habari za mwalimu mmoja wa hapa kwetu Kenya, ambaye kila nikimfikiri namwona Barnaba.

Huyu ni Bruda Colm O'Connell, aliyezaliwa mwaka 1948 nchini Ayalandi. Ni Mkatoliki, wa Shirika la Mabruda wa Mtakatifu Patrisi, na sisi ni Waanglikana. Lakini Barnaba naye hakuwauliza watu wa Antiokia wameandikishwa kanisa gani. Bruda huyu alifika Iten mwaka 1976 kufundisha jiografia katika Shule ya Upili ya St Patrick's, akidhani atakaa muda mfupi tu. Iten ni mji ulio juu ukingoni mwa Bonde la Kerio, kiasi cha mita 2,400 juu ya usawa wa bahari, mahali ambapo mgeni akipanda ngazi anatafuta pumzi.

Shuleni hapo palikuwa na mwalimu Mwingereza, Peter Foster, ndugu yake Brendan Foster aliyepata medali ya shaba ya mbio za mita 10,000 katika Olimpiki ya Montreal mwaka ule ule wa 1976. Foster ndiye aliyekuwa akiwafundisha wavulana riadha, akamwomba Bruda amsaidie. Muda si muda Foster akarudi kwao, na Bruda akabaki na vijana mikononi mwake. Hakuwa mwanariadha. Hakuwa amesomea kazi ya kufunza mbio hata siku moja. Walimu wenzangu mtalitambua jambo hili: ndivyo wengi wetu tulivyopewa michezo, kwa kuwa mwenyewe ameondoka na firimbi imebaki mezani.

Basi alifanyaje? Aliwatazama. Alisimama kando ya uwanja akaangalia mguu unavyogusa ardhi, bega linavyokaa, kichwa kinavyoyumba mtu akichoka, akawauliza vijana wenyewe wanasikiaje mwilini. Kutokana na kutazama huko akajiwekea mambo manne anayowafundisha: mawazo yatulie, mwili unyooke, uwe imara, na hatua zije kwa wakati wake. Hakuanza kwa kasi. Watu waliotoka mbali kuja kujifunza siri ya Iten wamewakuta vijana wakitembea na kunyanyua magoti polepole kama watoto wa chekechea.

Mwaka 1988 huko Seoul, Peter Rono, mwanafunzi wa shule hiyo, alishinda mbio za mita 1,500 za Olimpiki akiwa na miaka 21. Mwaka huo huo Ibrahim Hussein, wa shule hiyo hiyo, alishinda marathoni ya Boston. Mwaka 1992 huko Barcelona Matthew Birir akashinda mbio za kuruka viunzi na maji. Shuleni imepandwa miti kwa heshima ya mabingwa hao, nayo leo ina kivuli kizuri. Bruda, ambaye baadaye alikuwa mwalimu mkuu hapo, hakupata medali, kwa kuwa Olimpiki haina medali ya mwalimu. Anayevuka utepe ni mmoja.

Wasichana nao hakuwasahau. Shule yenyewe ni ya wavulana, lakini mwishoni mwa miaka ya 1980 alianza kuwakusanya wasichana wakati wa likizo, wakae kambini, wale vizuri, wafunzwe. Wakati ule wako wazazi waliosema kukimbia si kazi ya msichana. Nadhani hata parishi hii wangalipatikana. Lydia Cheromei, mmoja wa wasichana wa kwanza, alishinda mbio za nyika za dunia za vijana huko Antwerp mwaka 1991 akiwa na miaka 13.

Nasimama kidogo hapa, kwa maana Iten si bustani ya Edeni. Fedha za mbio zilipokuja, walikuja pamoja nazo watu wanaomtazama kijana kama mtu anavyotazama ng'ombe mnadani. Wako waliowapa vijana dawa za kuongeza nguvu. Wako wanaojifanya walezi wa msichana kwa sababu ya miguu yake tu. Mwezi wa Oktoba 2021 Agnes Tirop, aliyekuwa amepata medali ya shaba ya dunia mara mbili katika mita 10,000, aliuawa nyumbani kwake mjini Iten, umri wake miaka 25. Wanariadha wenzake wakaanzisha chama chenye jina lake cha kuwalinda wasichana. Nalitaja hili ili tusidhani kwamba kila anayesimama kando ya uwanja ni Barnaba. Bruda kwa nadhiri yake hana mali iliyo yake mwenyewe. Mtu wa namna hiyo anaweza kumwambia kijana, "Leo usikimbie, pumzika," kwa kuwa kijana akipumzika yeye hapotezi kitu.

Sasa nije kwa David Rudisha. Ni kijana wa Kimaasai, aliyezaliwa Kilgoris mwaka 1988, na baba yake Daniel alipata medali ya fedha katika mbio za kupokezana za mita 400 mara nne huko Mexico mwaka 1968. Bruda alimchukua akiwa bado mwanafunzi, akamwelekeza kwenye mita 800. Mwaka 2006 akawa bingwa wa dunia wa vijana. Watu wakaanza kuhesabu medali ambazo bado hazijapatikana. Mwaka 2009 akaenda Berlin kwenye mashindano ya dunia, na huko akashindwa katika nusu fainali. Hata fainali hakuingia.

Wengi wetu tungalitafuta kijana mwingine. Iten inao wengi, kila asubuhi wamejaa barabarani. Bruda akarudi naye uwanjani, kwenye magoti na hatua. Tarehe 22 Agosti 2010, katika uwanja ule ule wa Berlin, Rudisha alikimbia mita 800 kwa dakika 1 na sekunde 41.09, akaivunja rekodi ya dunia ya 1:41.11 iliyokaa tangu mwaka 1997. Na aliyekuwa na rekodi hiyo ni nani? Ni Wilson Kipketer, aliyekimbilia nchi ya Denmark, naye pia alikuwa mwanafunzi wa St Patrick's, Iten. Mwanafunzi amemvua taji mwanafunzi, na mwalimu ni yule yule. Miaka miwili baadaye, huko London, Rudisha alikimbia mbele tangu mwanzo hata mwisho kwa 1:40.91, na aliyekuwa wa mwisho siku hiyo alikimbia kwa muda ambao ungalimpa dhahabu katika Olimpiki tatu zilizotangulia. Aliwavuta wote.

Hapa ndipo ninapolazimika kusema habari zangu, ingawa si za kujisifu.

Mimi nilisomea ualimu wa ufundi katika chuo cha ualimu, miaka ile ya 1980 mfumo wa 8-4-4 ulipokuwa ukiingia na kila shule ikitaka mtu wa kazi za mikono. Nilifundisha useremala, na kama ilivyo desturi nikapewa na timu ya mbio. Fundi yeyote wa mbao anajua kwamba mbao mbichi haifanyiwi mlango. Ukiipiga randa leo na kuiunga, itapendeza. Mvua ya kwanza mlango unapinda na haufungiki. Mbao huwekwa kivulini, huachwa ikauke kwa wakati wake. Hayo niliyafundisha ubaoni mwaka baada ya mwaka. Na nilipotoka karakana kwenda uwanjani, niliyaacha mlangoni pamoja na aproni yangu.

Kulikuwa na mvulana mmoja, mwembamba, mrefu kuliko nguvu zake. Mwaka mmoja alifanya vizuri sana. Mwaka uliofuata miguu ilikuwa imerefuka, akawa anajikwaa, akaachwa nyuma katika mchujo. Shule ilitaka kikombe. Gari lilikuwa na nafasi chache. Asubuhi ya safari alikuja getini na viatu vya kuazima vya kaka yake, vimefungwa kamba shingoni, maana hakuna aliyekuwa amemwambia. Nilimwambia mimi, nikiwa nimekaa tayari ndani ya gari, kupitia dirishani. Tulirudi na kikombe. Yeye hakukimbia tena, na muhula uliofuata hakurudi shuleni kabisa.

Miaka zaidi ya ishirini baadaye, tulipokuwa tukitengeneza sakafu ya kanisa letu, fundi aliyekuja alikuwa yeye. Alinisalimu, "Shikamoo Mwalimu," kwa heshima yote. Alifanya kazi siku tatu, sakafu mnayoikanyaga kila Jumapili. Siku ya mwisho, akiosha mwiko wake bombani, akaniambia bila hasira, "Mwalimu, ile siku ungeshuka tu kwenye gari ukaniambia." Nilikosa la kusema. Nilimwomba msamaha, akasema yamepita. Lakini mimi kila nikitembea juu ya sakafu ile kwenda kupokea Meza ya Bwana nakumbuka kwamba sikushuka.

Mtakapoisoma sura ya 15 mtaona kwamba Paulo hakutaka kumchukua Yohana Marko katika safari ya pili, kwa kuwa aliwaacha njiani huko Pamfilia. Paulo alikuwa na hoja. Kazi ilikuwa ngumu na gari, tuseme, lilikuwa na nafasi chache. Barnaba akakataa kumwacha, wakatofautiana sana hata wakaachana, na Barnaba akamchukua Marko wakapanda merikebu kwenda Kipro. Baada ya hapo Matendo ya Mitume hayamtaji Barnaba tena. Hadithi inamfuata Paulo. Lakini miaka mingi baadaye, Paulo akiwa kifungoni, anamwandikia Timotheo amletee Marko, kwa sababu anamfaa kwa huduma. Someni waraka wa pili, sura ya 4, mstari wa 11. Mtu anayemfaa Paulo uzeeni ni yule ambaye Barnaba alikaa naye.

Basi sasa mnajua kwa nini naandika haya. Katika baraza la parishi Kasisi aliuliza mara mbili ni nani atakayefundisha darasa la kipaimara mwaka huu, na mara mbili tukatazama chini. Mimi nilisema magoti yananiuma na nimefundisha vya kutosha. Tena mimi ndiye niliyesema kwamba yule kijana aliyeacha darasa mara mbili asipokelewe tena mpaka mwaka ujao, ili wengine wapate fundisho. Wazee wengine wakaitikia, kwa kuwa aliyesema ni mwalimu.

Nimemwendea Kasisi nikayarudisha maneno yote mawili. Darasa nitalichukua, kila Jumamosi saa tatu asubuhi, chini ya mwembe mvua isiponyesha. Watoto kumi na mmoja wamekwisha kujiandikisha. Waje na Biblia, daftari na kalamu. Mzazi mwenye benchi la ziada asaidie, hata likiwa bovu, nitaliunga.

Yule kijana bado sijamwona. Mama yake ameniambia anashinda stendi kwa mtengenezaji wa pikipiki, na kwamba nikituma mtu hatakuja. Jumatano nitakwenda mwenyewe.