Damu Isiyongoja: Kadari na Wajibu wa Aliye Karibu

Mwili wa mtu mzima una damu ya takriban lita 5. Akipoteza lita 2 kwa haraka, uhai wake umo hatarini, na mshipa mkubwa wa paja ukikatika hali hiyo hufika kwa dakika chache. Kwamba majeruhi astahili kuokolewa, Mwislamu na Mkristo hawabishani. Kinachobishaniwa ni nani anadaiwa msaada huo kwanza, na kama deni hilo lina saa yake.

Mwanda, juu katika milima ya Taita, swali hili lina uzito wa pekee. Aliyekatwa na panga akikata majani ya ng'ombe, au aliyeanguka na bodaboda kwenye kona, huteremshwa Wundanyi. Jeraha likiwa kubwa, safari huendelea kupitia Mwatate hadi Hospitali ya Rufaa ya Kaunti ya Moi, Voi. Katiba ya Kenya ya 2010, kifungu cha 43(2), inakataza mtu kunyimwa matibabu ya dharura, na Sheria ya Afya ya 2017 inaiadhibu hospitali inayokataa kuyatoa hali ina uwezo. Ni sheria nzuri. Lakini sheria hiyo humsubiri majeruhi kwenye lango la hospitali, naye huenda asifike huko akiwa hai.

Tiba yenyewe imethibitisha kwamba wema una muda wake. Utafiti wa CRASH-2, uliotangazwa 2010, uliwahusisha majeruhi zaidi ya 20,000 katika nchi 40. Asidi ya traneksamiki, dawa rahisi inayozuia bonge la damu lisiyeyuke mapema, ilipunguza vifo vya kuvuja damu ilipotolewa ndani ya saa 3, hasa ndani ya saa ya kwanza. Ilipotolewa baada ya saa 3, vifo hivyo viliongezeka. Dawa ni ile ile na nia ni ile ile, ila saa imebadilika na msaada umegeuka madhara. Anayeshikilia kwamba nia njema yatosha ana kazi ya kulijibu hilo.

Saa hiyo wengine huiachia kadari: msibani husemwa kwamba siku ya marehemu ilikuwa imefika. Kwa wafiwa ni faraja ya haki. Kasoro huingia neno hilo linapotangulizwa, majeruhi angali anapumua, likawa ruhusa ya kusimama na kutazama. Karne ya 7, Khalifa Umar alipogeuza msafara wake asiingie Sham (eneo la Siria) iliyokuwa na tauni, kamanda wake Abu Ubayda alimuuliza kama anaikimbia kadari ya Mungu. Jibu lake lilikuwa kwamba anaiacha kadari moja na kuiendea nyingine, ambayo nayo ni ya Mungu. Kwa hoja hiyo, mkono unaoziba jeraha nao umo ndani ya kadari.

Fikihi, elimu ya sheria ya Kiislamu, inasaidia zaidi. Kumwokoa anayeangamia ni fardhi kifaya: mmoja akiitimiza, wengine huondolewa wajibu huo. Lakini akiwapo mtu mmoja tu anayeweza, kwake inageuka fardhi aini, wajibu wake binafsi. Katika njia ya mlimani, mtu huyo mara nyingi ni dereva wa bodaboda au jirani. Msamaria wa Injili ya Luka naye aliyafunga majeraha ya majeruhi pale pale barabarani, ndipo akampandisha juu ya mnyama wake. Mpangilio huo ni sahihi hata kitabibu: leso safi ikunjwe, ikandamizwe juu ya jeraha kwa nguvu ya viganja viwili, bila kuinuliwa kila mara kuchungulia, ikilowa, nyingine iongezwe juu yake. Kumpakia majeruhi kwanza na kuliacha jeraha wazi ni haraka inayochelewesha.

Hata hivyo wajibu hauvuki uwezo, na uwezo huu hufundishwa. Jirani asiyejua pa kukandamiza hana lawama. Deni lake linahamia kwa waliokuwa na nafasi ya kumfundisha kabla ya ajali: shule, kanisa, msikiti, na serikali ya kaunti.