Mlangoni au Barazani?



Nilipokuwa nikifundisha katika chuo cha ualimu, nilizoea kuwapa wanachuo swali hili: Ni nani amtendeaye maskini jambo kubwa zaidi, yule amleteaye chakula mlangoni, au yule akaaye barazani akitunga sheria? Karibu wote walimchagua wa mlangoni, nami moyoni nilikuwa upande wao.

Ndipo nilipowasimulia habari za Bibi Lucy Lameck. Alizaliwa Moshi mwaka 1934, akasomea uuguzi, lakini hakudumu katika kazi hiyo. Alifanya kazi ya ukatibu katika chama cha ushirika cha KNCU, akajiunga na TANU, akasoma Chuo cha Ruskin kule Oxford, na mwaka 1960 akaingia katika Baraza la Kutunga Sheria. Mwaka 1962 akawa Waziri Mdogo (siku hizi twasema Naibu Waziri) wa Ushirika na Maendeleo ya Jamii, mwanamke wa kwanza nchini kupewa cheo cha uwaziri. Toka 1967 hadi 1972 alikuwa Wizara ya Afya. Alifariki mwaka 1993.

Wanachuo wakauliza: Je, huyu hakuwakimbia wagonjwa? Nilijibu kwa maneno mengi, kama walimu tufanyavyo tukiwa hatuna jibu.

Jibu lilinijia nikiwa nimekwisha kustaafu, hapa hapa Kyela. Nina jirani, bibi mjane ambaye wanawe wako mbali. Kila tulipovuna mpunga nilimpelekea debe la mchele, na nilipenda kusifiwa kwa hilo, nakiri. Masika moja mito ilifurika, nami nikaugua, nikalala wiki tatu. Nilipoweza kutembea nilimkuta bibi amekonda, jiko limepoa. Majirani si watu wabaya. Kila mmoja alidhani Mwalimu amekwisha kupeleka. Wema wangu ndio uliowafunga mikono.

Basi nikaanza kumwelewa yule muuguzi aliyekwenda barazani. Sheria haiugui. Kule Zanzibar, Aprili 2016, Serikali ilianza kumlipa kila mzee aliyetimiza miaka 70 shilingi 20,000 kwa mwezi, tajiri kwa maskini, bila kuulizwa ana watoto au hana. Fedha hiyo ni ndogo, lakini mzee haipokei kwa kumpigia mtu magoti. Huku Bara tumekuwa na TASAF, ambayo imesaidia wengi. Ila hapo mkutano wa kijiji ndio uliotaja kaya zilizo maskini, na sijui ni nani kati yetu angefurahi kusikia jina la mama yake likisomwa.

Wengine husema fedha za Serikali zitatufanya tuwasahau wazee wetu. Hofu hiyo siidharau, ingawa mimi nilimsahau bibi pasipo fedha yoyote ya Serikali.

Hivi karibuni nilimsimulia bibi habari hizo za Zanzibar. Akauliza ni nani awapelekeaye wazee fedha. Nikamwambia kwamba walianza kwa kwenda kuzichukua wenyewe vituoni. Akanyamaza kidogo.

"Basi, Mwalimu, kama ningekuwa nalipwa hivyo, wewe ungekuja kwangu kufanya nini?"

Nilitaka kujibu upesi. Kisha nikakumbuka kwamba miaka yote ile niliweka debe chini, nikasalimu, nikaenda zangu. Kigoda chake cha wageni sijapata kukikalia.