Vichache Vipendwavyo

Mwanadamu hustaajabia vitu vikubwa, lakini vitu vidogo huvisogelea. Mlima humfanya asimame mbali na kuinua macho. Kiti chenye kimo cha kidole humfanya ainame, azuie pumzi zake, na kutazama kwa makini. Katika nchi yetu watoto hufinyanga ng'ombe wa udongo na huunda motokaa za waya. Katika Ulaya na Marekani mapenzi hayo hayo ya vitu vidogo yamewafuata watu wengi mpaka utu uzima, na yamekuwa uraibu wa kukusanya nyumba za wanasesere pamoja na vyombo vyake. Ndani ya uraibu huo mna swali ambalo lafaa kufikiriwa na kila kijana, hata yule ambaye hajapata kuiona nyumba ya namna hiyo. Swali lenyewe ni hili: vitu tuvipendavyo vikizidi nafasi, tufanye nini?

Yafaa kwanza ujue jinsi mkusanyaji anavyofika kwenye swali hilo. Kipimo kinachotumiwa sana katika kazi hii ni inchi 1 kwa futi 1. Maana yake kila kitu hupunguzwa mpaka kuwa sehemu 1 katika 12 ya ukubwa wake wa kweli. Mlango wa futi 6 huwa na inchi 6, na kitabu chenye urefu wa inchi 9 hakifiki inchi 1. Kwa kipimo hicho mafundi hutengeneza meza zenye saraka zifungukazo, taa ziwakazo, sufuria za shaba, na mikate ambayo wadudu tu ndio wangeweza kushiba kwayo. Mkusanyaji huanza kwa nyumba moja. Nyumba hutaka jiko. Jiko hutaka vyungu. Vyungu hutaka rafu. Baada ya nyumba huja duka, na baada ya duka huja shule. Miaka hupita, na nyumba ya kweli anamoishi mtu huyu hujaa masanduku ya nyumba za uongo. Kisha siku moja hulazimika kuhamia mahali padogo, au macho na vidole vyake huchoka, au watoto wake humwambia kwa heshima kwamba hawatavihitaji vitu hivyo. Ndipo huketi mbele ya masanduku yake, naye hajui aanzie wapi.

Methali yetu husema kwamba haba na haba hujaza kibaba. Ni methali ya kweli, na wengi wamefaidika nayo. Lakini angalia, msomaji, kwamba kibaba kina ukingo. Methali hutufundisha namna ya kukijaza, wala haituambii la kufanya kikishajaa. Mtu aendeleaye kumimina haongezi kitu katika kibaba, humwaga chini.

Wako wasemao kuwa mtu apunguzaye vitu vyake hakuvipenda kwa kweli. Husema kwamba upendo haugawanyiki wala hauchoki, na kwamba mama wa watoto kumi hamtoi mmoja kwa sababu ya udogo wa chumba. Maneno haya yana utamu, lakini yamechanganya mambo mawili. Mtoto hupendwa kwa sababu ni mtu, na haki yake haitoki katika macho ya mzazi. Kitu hakina haki hiyo. Kitu hupendwa kwa kutazamwa, kushikwa, kutumiwa na kukumbukwa. Kikiwa ndani ya sanduku lisilofunguliwa kwa miaka kumi, mwenyewe hakipendi tena; hukimiliki tu. Kupenda na kumiliki ni mambo mawili, na mara nyingi la pili huendelea kuishi baada ya la kwanza kufa.

Tena vitu vidogo vina tabia yake. Ng'ombe mia wakisimama malishoni, kila mmoja huonekana. Vikombe mia, kila kimoja na ukubwa wa punje ya mhindi, vikirundikwa katika sahani moja, hakionekani hata kimoja. Uzuri wa kitu kidogo hukaa katika jicho linalokikaribia, na jicho haliwezi kukaribia vitu mia kwa wakati mmoja. Kwa hiyo wingi, ambao katika vitu vingine ni utajiri, katika vitu hivi waweza kuua sifa ile ile iliyotufanya tuvipende.

Bibi Narcissa Niblack Thorne wa Chicago alilifahamu jambo hili. Kati ya mwaka wa 1932 na 1940 aliwaongoza mafundi hodari kutengeneza vyumba vidogo vya mitindo ya Ulaya na Marekani, kwa kipimo kile cha inchi 1 kwa futi 1. Vyumba 68 kati ya hivyo vimo katika jumba la sanaa la mji huo. Havikupangwa juu ya meza kama bidhaa sokoni. Kila chumba kimewekwa ukutani peke yake, nyuma ya kioo chake, na mwanga huingia humo kana kwamba jua la kweli limechomoza nje ya madirisha. Mtazamaji husimama mbele ya kimoja, hukimaliza, kisha huenda kwa kingine.

Lakini huenda ukanipinga kwa nyumba ya Malkia Mary wa Uingereza, iliyobuniwa na Sir Edwin Lutyens na kumalizika mwaka wa 1924. Nyumba hiyo, ambayo imewekwa katika ngome ya Windsor, ina vitu vingi mno: ina umeme, ina maji yapitayo katika mifereji, na ina maktaba ya vitabu vidogo, kimojawapo kikiwa na hadithi iliyoandikwa na Arthur Conan Doyle kwa ajili ya nyumba hiyo. Mbona wingi huo hauchukizi? Jibu ni kwamba kila kitu humo kina mahali pake. Kitabu kimo katika rafu, chupa imo katika ghala ya vinywaji, na kitanda kimo chumbani. Basi usidhani kwamba nakufundisha kuhesabu. Uchache si wema kwa nafsi yake, wala wingi si uovu. Jambo la haki ni kwamba kila kitu kipate mahali kinapoweza kuonekana. Na mtu ambaye hana jumba la malkia hupata mahali hapo kwa kuchagua.

Hekima hii si ngeni katika pwani yetu. Katika nyumba za mawe za zamani za Lamu, chumba cha ndani kilikuwa na ukuta wa vidaka vilivyonakshiwa kwa chokaa. Katika vidaka hivyo viliwekwa vitu vya thamani, na hasa vyombo vya kauri vilivyosafiri kwa bahari kutoka China. Karibu na zama hizo, huko Amsterdam, Petronella Oortman, mke wa mfanyabiashara tajiri, aliagiza kutoka nchi hiyo hiyo vyombo vidogo vya kauri vya kupamba nyumba yake ya wanasesere, ambayo gharama yake yasemekana ilikaribia bei ya nyumba ya kweli. Watu wa miji hii miwili hawakujuana, lakini walikubaliana katika jambo moja: chombo kizuri kijengewe makao. Na kidaka humwambia mwenye nyumba maneno ya kweli kila siku, kwamba bakuli jipya likija, mojawapo la zamani litaondoka.

Sasa tufikirie uzito wa kuchagua, maana ni mzito. Baadhi ya vitu ni zawadi, na mtu huona haya kuachana na zawadi. Hofu hiyo ni ya adabu, nami siicheki. Lakini aliyetoa zawadi alikusudia furaha ya aliyepewa, si ulinzi wa milele. Zawadi iliyopokewa kwa shukrani, ikafurahiwa, kisha ikapitishwa kwa mtu atakayeifurahia tena, imefanya kazi mara mbili. Zawadi inayooza gizani kwa sababu mwenyewe aogopa lawama haikumheshimu mtoaji wala mpokeaji. Wengine hujikinga kwa kusema kuwa akiba haiozi. Ni kweli, lakini akiba ni kitu kingojacho haja. Mahindi ya ghalani hungoja njaa, na fedha ya benki hungoja ugonjwa au ada ya shule. Viti vidogo mia mbili katika sanduku hungoja nini? Kitu kisichongoja haja yoyote si akiba bali ni mzigo, na mwenye kukiacha bila kuamua huwaachia warithi wake kazi ya kuamua katika siku za msiba.

Je, mtu achague kwa kipimo gani? Si kwa bei, maana bei ni maoni ya sokoni, nayo hubadilika. Wala si kwa uzuri peke yake, kwa kuwa vitu vingi ni vizuri. Namshauri mkusanyaji akishike kila kitu mkononi na ajiulize: naweza kusimulia nini juu ya hiki? Kiti kilichopinda, alichokichonga kwa mkono wake alipokuwa bado anajifunza, chaweza kushinda kabati la ghali alilonunua kwa sababu lilikuwapo dukani. Vitu vyenye habari na vibaki. Vitu visivyo na habari kwake vitapata habari mpya mikononi mwa wengine. Mtoto wa jirani, shule, jumba la makumbusho, au mkusanyaji kijana aanzaye na nyumba tupu, wote hao ni wapokeaji wema.

Vilivyobaki na vitunzwe. Na viwekwe ndani ya kioo kwa sababu ya vumbi, mbali na jua ambalo huchujua rangi za nguo na karatasi. Na kila kimoja kiandikiwe jina la fundi wake na mwaka wake, ili habari isife pamoja na mwenyewe. Huku si kujivuna. Majivuno huonyesha vitu ili watu wamtazame mwenye vitu. Ukarimu huviweka wazi ili watu watazame vitu vyenyewe. Hata hivyo asisahau kwamba hakuna kidaka cha milele. Sayyid Abdalla bin Ali bin Nasir, katika utenzi wa Al-Inkishafi, aliitazama fahari ya majumba ya Pate baada ya kuwa magofu, akapata humo onyo kwa moyo wake. Tunavyo vitu kwa muda. Swali ni kama katika muda huo tuliviona.

Kijana msomaji, huenda huna nyumba ya wanasesere wala hutapata kuwa nayo. Lakini una saa chache kwa siku, na una vingi viombavyo kuwekwa ndani yake: michezo, masomo, marafiki, picha zisizo na hesabu katika simu. Vyote haviwezi kutazamwa kwa karibu. Anza mapema kujizoeza kazi ile ambayo mkusanyaji huifanya uzeeni kwa machozi. Chukua kimoja kimoja, ukijue, ukipe mahali, na ukiachacho ukipe mtu mwingine kwa mkono wa kulia. Ukifanya hivyo, hutakuwa maskini kwa kuwa na vichache. Utakuwa umekwisha kujua ni vipi hasa ulivyovipenda.