Dawa ya Maradhi ya Akili: Uliza Kabla ya Kumeza

Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, na rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad, aliyetuamrisha kujitibu.

Ama baad. Ndugu zangu Waislamu, usiku mmoja baada ya sala ya Isha nililetewa kijana aliyepinda shingo, macho yamegeuka juu, ulimi mzito hawezi kunena. Wazee wake wakasema, "Sheikh, pepo amempanda." Siku tatu nyuma alikuwa ameanzishwa vidonge vya haloperidoli kwa maradhi ya akili. Nikamsomea, wala sikuuliza amemeza nini. Usiku ule ule vidonge vikatupwa.

Alfajiri muuguzi jirani yao akawafahamisha kwamba kupinda kule ni athari ya dawa yenyewe, nayo yajulikana. Huwapata zaidi vijana wanaume katika siku za mwanzo, na sindano huiondoa. Akapelekwa, akachomwa, shingo ikanyoka. Lakini khofu ilikuwa imeshaingia nyumbani. Dawa haikuchukuliwa tena, na baada ya wiki chache wazimu ukarudi kwa nguvu kuliko mwanzo.

Kosa hili ni la nani? Si la pepo. Ni letu sisi tulionyamaza pale palipotaka swali.

Waislamu si wageni wa tiba hii. Hospitali ya Nuri mjini Damaski ilijengwa mwaka 1154, na ya Mansuri mjini Kairo mwaka 1284. Wagonjwa wa akili walitibiwa humo pamoja na wengine. Dawa za zama hizi zilianza Ufaransa mwaka 1952, na wengi zimewarudisha kwa jamaa zao. Lakini dawa yenye nguvu ya kutuliza ina nguvu ya kudhuru pia. Basi kabla ya kidonge cha kwanza, yashikeni haya.

Kwanza, mwili upimwe. Malaria iliyopanda kichwani, maradhi ya tezi ya shingo, bangi na miraa, vyote huweza kumfanya mtu aone na asikie yasiyokuwapo.

Pili, mwambieni daktari kweli: moyo, kifafa, sukari, mimba, na kila anachotumia mgonjwa, hata dawa za miti shamba na muguka. Kuficha kwa kuona haya ni kumkhini mgonjwa.

Tatu, uzito, sukari na presha vipimwe kabla, kisha tena baadaye. Kwani baadhi ya dawa hizi, kama olanzapini, hunenepesha na kupandisha sukari. Klozapini yataka damu ipimwe mara kwa mara, maana huweza kupunguza mno chembe nyeupe za damu. Na mzee aliyepotewa na kumbukumbu asipewe dawa hizi ila daktari amepima sana, kwa kuwa humzidishia hatari ya kufa.

Nne, ulizeni: "Tutazamie athari gani, na ipi ya kukimbilia hospitali?" Homa kali pamoja na mwili kukakamaa na akili kuvurugika si jambo la kungoja asubuhi.

Tano, ulizeni dawa itatumika muda gani na itaachwaje. Msiikate ghafula kwa sababu mgonjwa ametulia. Huenda ametulia kwa sababu ya dawa. Na Ramadhani ikikaribia, msibadili saa za vidonge kabla ya kumuuliza daktari. Mgonjwa amepewa ruhusa na Mola wake. Asinyang'anywe na jamaa zake.

Na mgonjwa mwenyewe, akili ikimkaa, naye aulizwe na aelezwe, kwani mwili ni wake.

Sisemi kisomo kiachwe. Kisomo ni dua, na dua haimzuii mtu kuuliza. Bali nasi masheikh, mgonjwa akiletwa mbele yetu, swali letu la kwanza na liwe: "Ametumia dawa gani?" Mimi sikuliuliza usiku ule, na mpaka leo naomba maghufira.

Mwenyezi Mungu awaponye wagonjwa wetu na atupe busara ya kuwahudumia. Amin.