Ahadi Isiyotimizika

"Ahadi ni deni" ni methali ambayo kila mwanafunzi huijua kabla hajaijua maana yake. Aghalabu hutumiwa kumsuta mtu aliyevunja neno lake. Leo nataka kuigeuza upande wa pili. Ikiwa ahadi ni deni, je, ni haki kumshurutisha mdaiwa atoe ahadi ambayo yeye mwenyewe na amshurutishaye wanajua kuwa haitatimizika?

Mfano wangu nautwaa Uingereza, kwa kuwa huko sheria ya jambo hili imeandikwa kwa kina, na mtu aweza kuona wazi mahali inapokoma na mahali dhamiri inapoanza. Kila nyumba huko hutozwa kodi ya halmashauri. Kodi hiyo ilianza mwezi wa Aprili 1993 badala ya kodi ya kichwa, ambayo wananchi waliichukia hata ghasia zikatokea katika mitaa ya London mwezi wa Machi 1990. Jina la kodi ya kichwa si geni kwetu. Wazee wa Tanganyika waliilipa chini ya utawala wa Waingereza hao hao. Kodi ya sasa huchangia uzoaji wa taka, utunzaji wa wazee na hifadhi ya watoto. Kwa hiyo mwenye uwezo asiyelipa hamdhulumu mtawala wa mbali. Humtwika jirani yake mzigo. Hapana budi neno hili litangulie, ili huruma isituondolee uadilifu.

Sasa tutazame mwendo wa deni lenyewe. Mtu akikosa kulipa fungu la mwezi, hupewa ukumbusho na siku saba. Siku hizo zikipita bila malipo, hupoteza haki ya kulipa kwa mafungu, na kodi ya mwaka mzima hudaiwa kwa mkupuo. Aliyeshindwa sehemu hutakiwa yote! Halmashauri ikiisha kupata amri ya mahakimu, yaweza kuikabidhi kwa kampuni ya watu binafsi, nayo kampuni humtuma mtu afananaye na yule tumwitaye sisi dalali wa mahakama. Kanuni za mwaka 2014 ziliweka ada ya paundi 75 mara deni linapomfikia dalali, na paundi 235 nyingine anapokwenda nyumbani kwa mdaiwa. Ada hizo hulipwa na mdaiwa mwenyewe.

Tufanye kwamba mama mmoja, mfagiaji wa maofisi, anadaiwa paundi 640. Dalali akiisha kubisha hodi, deni huwa paundi 950. Wamekubaliana alipe paundi 40 kila mwezi, naye amelipa bila kukosa. Mwezi wa nne inakuja barua: paundi 40 hazitoshi tena, alipe 120, ama vyombo vyake vitachukuliwa. Mshahara wake haukuongezeka, wala watoto wake hawakupungua. Katika miezi ishirini na minne ya mapatano ya kwanza, karibu minane ilikuwa ni ya kulipia ada za kudaiwa tu. Sasa anaambiwa kwamba anajikokota.

Afanyeje? Hofu humwambia: "Kubali, dalali aondoke mlangoni." Naye akikubali, mwezi wa kwanza atalipa kwa kukosa kodi ya nyumba, mwezi wa pili kwa kukopa, na mwezi wa tatu atashindwa. Hapo ataitwa mwongo. Lakini uwongo huo aliutunga nani? Aliyeutamka ni mama. Aliyeuagiza ni yule aliyekataa kusikia ukweli. Madhali ahadi ni deni, dalali hakulipunguza deni la mama huyu. Amemtwisha la pili juu ya la kwanza, na hilo la pili ni la heshima yake.

Yamkini mtu atanijibu kwamba dawa ya deni kulipa, na kwamba mdaiwa asiyeshurutishwa hujifanya maskini daima. Hoja hii ina nguvu, nami siidharau. Wako watu wenye uwezo wasiotaka kulipa, na kuwashurutisha hao ni haki ya majirani zao. Lakini asiyetaka na asiyeweza ni watu wawili, ingawa huenda wakaishi mlango kwa mlango. Sheria ya Uingereza yenyewe inalijua hili. Hakimu hawezi kumfunga mtu kwa kodi hiyo mpaka amechunguza uwezo wake, na kuona kwamba alikataa kwa makusudi ama alizembea kwa kulaumika. Uchunguzi huo wa haki umewekwa mlangoni mwa gereza. Ningependa uwekwe mapema zaidi, mlangoni mwa mdaiwa, kabla dalali hajatumwa.

Basi wajibu wa mama yule, kwa maoni yangu, ni kusema kweli na kuishikilia. Aandike katika karatasi mapato na matumizi yake, ampelekee dalali, na nakala aipeleke kwa halmashauri, ambayo inaweza kulirudisha deni mikononi mwake. Aendelee kulipa paundi 40 kwa siku yake, na stakabadhi azihifadhi. Wala asidhani kuwa kutomfungulia dalali ni kosa: kwa deni la kodi hii dalali haruhusiwi kuvunja mlango anapokuja mara ya kwanza. Lakini akiisha kukaribishwa ndani, akaorodhesha vitu kwa mapatano, na mapatano yakavunjwa, kinga ile hupungua. Kufunga mlango si kukana deni, maadamu malipo yanaendelea kutoka.

Wajibu wa halmashauri ni mzito zaidi. Deni ni la majirani, na jirani aweza kumwajiri mtu akamdaie fedha, lakini hawezi kumwajiri mtu awe na dhamiri kwa niaba yake. Yule anayelipwa ada kwa kubisha mlango hana faida katika subira. Mwenye faida katika subira ni mji wenyewe, ambao kesho utamtunza mama huyo na watoto wake iwapo watafukuzwa nyumbani.

Neno "siwezi" likitoka katika kinywa cha mvivu ni aibu. Likitoka kwa mtu aliyehesabu senti zake mbele ya mdai wake, ni ukweli, na pengine ndiyo mali pekee aliyobaki nayo ambayo dalali hana ruhusa ya kuichukua. Paundi 40 zilizoahidiwa na kulipwa zina thamani kuliko 120 zilizoahidiwa kwa hofu, kwa kuwa zile huleta fedha na kulinda heshima ya mtu, na hizi hupoteza vyote viwili.