Je, Huruma Yaweza Kulipwa Mshahara?



Wapo vijana wetu, wengine hapa nchini na wengine ng'ambo, Uingereza na Marekani, ambao kazi yao ni kwenda nyumbani kwa mtu asiyeweza kujiinua kitandani, wakamwogesha, wakamvika, wakamlisha na kumtoa nje apate jua. Wanalipwa kwa kazi hiyo. Nimewasikia waumini wakisema kwamba kumtunza mlemavu ni thawabu, na anayedai mshahara ameuza huruma yake. Neno hili lastahili kujibiwa, maana lasemwa na watu wema.

Kwanza tuitazame kazi yenyewe, kwa sababu wengi wanaoihukumu hawaijui. Mtu aliyeumia uti wa mgongo huenda hasikii joto miguuni. Basi maji ya kuoga hayana budi kupimwa kwa kiwiko, asije akaungua pasipo kujua. Akilala upande mmoja usiku kucha, ngozi huharibika pale inapobanwa na mfupa, kisha hutokea kidonda kisichopona upesi. Kwa hiyo hugeuzwa kila baada ya saa mbili hivi, hata usiku wa manane. Kumhamisha kutoka kitandani hadi kwenye kiti cha magurudumu kwataka magoti yakunjwe na mgongo unyooke, la sivyo baada ya mwaka nyumba itakuwa na wagonjwa wawili. Haya yote hufundishwa. Moyo mwema peke yake haumfundishi mtu kumgeuza mwenziwe bila kumchubua.

Na katika nyumba zetu kazi hii hupewa nani? Mara nyingi ni binti wa ndugu, aliyeletwa kutoka kijijini, ameacha shule, na ujira wake ni chakula na jozi ya kanga wakati wa Krismasi. Tunaiita huruma. Aliyeitoa ni binti. Anayesifiwa ni mwenye nyumba.

Lakini kwangu mimi hoja kubwa iko kwa yule anayehudumiwa. Asaidiwaye bure hana neno ila asante. Chai ikiwa ya baridi, asante. Akioshwa kwa haraka na mkono mzito, asante. Akisema leo hataki uji, ataitwa mkaidi asiye na shukrani. Msaidizi akiwa analipwa, mtu huyo aweza kusema, "Hapana dada, si hivyo, anza na mkono wa kushoto," wala asijione mkosaji. Hata Bwana wetu alimwuliza Bartimayo anataka afanyiwe nini, ijapokuwa umati wote uliona kwamba ni kipofu.

Huko California alikuwako mtu aitwaye Ed Roberts. Aliugua polio mwaka 1953 akiwa na miaka 14, akapooza kuanzia shingoni, na usiku alilala ndani ya mashine ya kumsaidia kupumua. Idara ya jimbo iliyowasaidia walemavu kupata kazi ilimwona kuwa hatafaa kazi yoyote. Hata hivyo mwaka 1962 aliingia chuo kikuu mjini Berkeley. Yeye na wenzake walichagua wenyewe wasaidizi wao na kuwaelekeza, na mwaka 1972 wakaanzisha mjini humo kituo cha walemavu wanaojitegemea. Mwaka 1975 aliteuliwa kuwa mkurugenzi wa idara ile ile. Alifariki mwaka 1995. Sisi walimu tulihubiri sana Elimu ya Kujitegemea tangu mwaka 1967, na tulimaanisha jembe na bustani ya shule. Kwa Roberts kujitegemea kulikuwa ni kuamua mwenyewe, hata kama mikono ni ya kuazima. Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa mwaka 2006, ambao Tanzania iliuridhia mwaka 2009, nao wampa mlemavu haki ya kuchagua akae wapi na nani.

Mtu aweza kuuliza: je, msaidizi awe mtumwa? Mwenye kisukari akitaka soda, apewe? Nionavyo, amwambie wazi mara moja, kama angalivyomwambia mtu mzima yeyote. Baada ya hapo shauri ni la mwenyewe. Lakini akiamriwa kuinua mzigo unaomvunja mgongo, akatae. Mshahara umenunua saa zake na ustadi wake tu. Upendo ukija, umekuja wenyewe. Mimi nililipwa kila mwezi kwa kufundisha (ingawa fedha zilichelewa), na hakuna aliyesema nimeuza upendo wangu kwa wanafunzi.

Kwa kawaida hapa kwetu ujira huo hutoka mfukoni mwa jamaa, na jamaa wengi hawana. Kamati yetu ya huduma huwapelekea wasiojiweza sabuni na sukari. Naomba ifikirie, hata kwa nyumba moja tu, kutoa mshahara wa msaidizi, na fedha hizo zikabidhiwe kwa mlemavu mwenyewe, amlipe amtakaye. Najua atatokea mzee wa kanisa aulize kama hatazitumia vibaya. Pensheni yangu huletwa kila mwezi, na hakuna aliyewahi kuniuliza hivyo.